Konveta ya Mlima wa Akheri

Fundi Gerson aliapa kwamba gari la turbo linastahili konveta ya mashindano: kile kifaa cha kupeleka nguvu ya injini kwenye gia, lakini cha aina isiyoshika mpaka injini ingurume. Vaileth, mwenye gari, alichagua ya wastani, inayoshika mapema.

“Kila siku napanda kwetu Akheri,” alimwambia, “na wazee hawasalimiwi kwa honi.”

Sasa walikuwa katikati ya mlima, wakilijaribu gari. Mama mmoja mwenye ndoo ya maziwa alikuwa akishuka. Vaileth akasimamisha gari.

“Hapa hapa mwinukoni?” Gerson alishtuka.

“Shikamoo, mama!”

“Marahaba, mwanangu.”

Vaileth akagusa mafuta kidogo tu. Gari likashika papo hapo, likapanda bila kurudi nyuma hata kidogo.

Gerson akaguna. Mbele, penye mwinuko mkali zaidi, babu mmoja alikuwa anakuja taratibu.

Vaileth akakanyaga breki.