Amplifaya ya Ubeti Mmoja

"Itafika mpaka viti vya nyuma?" Muzna aliuliza tena, na Hisham muuza vyombo vya muziki akamwapia kwamba itafika, na majirani watasikia bila ya kualikwa.

Ilikuwa juu ya meza ya duka lake pale Mlandege, imetoka Dubai juzi: amplifaya ya gitaa, ngozi nyeusi ubavuni, kitambaa cha rangi ya fedha mbele. Watu wa zamani waliijua. Bendi za mjini zilikuwa nazo, mashine zikafa moja moja kwa kukosa taa zake za ndani, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, na kiwandani wakaacha kuzitengeneza. Sasa kiwanda kile kile kimeirudia upya, sura ile ile, matumbo yale yale. Bakar, mpiga gitaa wa kikundi cha taarab, alikuwa akiizunguka na kuipapasa, hata aibu haoni.

Hisham akaiwasha. Kimya.

"Mbovu," alisema Muzna.

"Si mbovu, Bi Muzna. Hii ya taa, lazima zipate moto kwanza. Haina papara."

"Mimi nnayo."

Mwanaasha, dada yake wa pekee, alikuwa amekaa mlangoni juu ya kistuli. "Iache ipate moto," alisema taratibu. "Sisi tuna haraka gani?"

Bakar alipogusa uzi wa kwanza, wapita njia walisimama. Sauti ilikuwa nene, ina kilio ndani yake. Muzna, aliyekuwa ameshauza bangili zake kwa ajili ya siku hiyo, alilipa papo hapo bila ya kuomba kupunguziwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Na kwa nini asilipe? Hamda alimchukulia mumewe. Hamda shoga yake, aliyekuwa akija kuazima ungo, siku moja akaondoka na Ghanim. Eda ya Muzna haijakauka, mwenzake keshapakwa hina! Muzna alimchukia hata akilisikia jina lake tu chakula hakimpiti kooni. Hakutaka kumpiga wala kumroga. Alitaka asemwe, kwa ubeti, mbele ya wanawake wote wa mji.

Mambo yenyewe yanakwenda hivi. Ubeti wa taarab hautaji jina la mtu. Unaimbwa, unaelea hewani. Yule wa mwanzo kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, ubeti ni wake. Na yule atakayegeukiwa, akachezewa machoni, ndiye aliyesemwa, na hapana maji ya kuliosha hilo. Mara iliyopita, harusini Mkokotoni, Muzna alikuwa keshasimama, noti mkononi, mashine kongwe ya Bakar ikatoa moshi na muziki ukakatika. Hamda alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

Kicheko kile ndicho kilichoinunua amplifaya. Kikundi kilipewa bure, kwa sharti moja: kiimbe ubeti wa Muzna.

Ubeti wenyewe aliutunga Mwanaasha. Siku zote yeye ndiye aliyejaaliwa maneno, ingawa tangu aachwe na kurudi nyumbani kwa mama yao amekuwa mtu wa kimya. Muzna alipomwomba, hakufikiri hata kidogo. Aliutoa papo hapo, mzima:

*Ulikuja kwangu ndani, kitanda nikatandika,*
*Ukamwiba wa moyoni, usoni ukanicheka.*

"Mtamu, dada," alisema Muzna. "Lakini Hamda hajapata kulala kwangu hata siku moja."

"Ndo ushairi huo, mdogo wangu. Atajijua mwenyewe anayesemwa."

Muzna alimkumbatia. Alijiona mtu mwenye bahati, kuwa na dada anayeyabeba machungu yake namna ile.

Harusi ilikuwa Mbweni, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Hamda alikuja na dhahabu zake, akakaa mstari wa mbele, udi wake ukitangulia. Muzna alichagua kiti cha kando ya njia, karibu na jukwaa, asije akazuiwa na magoti ya watu.

"Nipishe nikae mimi hapo," Mwanaasha alimwambia. "Goti linanivuta, nataka pa kunyoosha mguu."

Muzna akasogea ndani.

Bakar alikuwa ameiwasha mapema, na taa zilikuwa zimekolea moto. Mwimbaji alipoanza, gitaa lilimjibu, na ile sauti nene ikapita juu ya vichwa vyote, ikatoka nje mpaka kwa wapishi, wakaacha masufuria yao. Muzna hakuwa akiusikiliza muziki. Alikuwa akiutazama mgongo wa Hamda na kuuombea balaa.

Kisha ubeti ukaja. Kila neno lilitoka peke yake, safi, na gitaa likalilia nyuma yake. Muzna aliishika noti, akakusanya buibui, akainuka nusu.

Hakuwahi. Mwanaasha alikuwa ameshafika mbele, hachechemei hata kidogo. Alimtunza mwimbaji, akampita Hamda bila ya kumtupia jicho, kisha akageuka, mikono juu, akicheza polepole, na macho yake akayakita usoni kwa Muzna.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na cha Hamda kikavishinda vyote, maana hapakuwa na mwanamke pale ndani asiyekumbuka kwamba Muzna, kabla ya kumwita Ghanim mume wangu, alikuwa akimwita shemeji.