Hati za Bondeni

"Futa hati zote za Bondeni," Bwana Mshangama alisema, amesimama nyuma ya kiti cha Mwatumu. "Watu wa mahakama wako njiani. Nataka nizione zikiondoka."

Hati za viwanja kwenye kompyuta zilikuwa mia mbili na kumi na nne, kuanzia faili bondeni-1 hadi bondeni-214. Mwatumu aliandika amri ya kufuta, kisha bondeni-, akasita. Alama moja ya nyota hapo mwisho ingezizoa zote. Kidole chake kiliikwepa nyota, kikabonyeza alama ya kuuliza, ambayo kwa kompyuta hushika nafasi ya tarakimu moja tu.

"Hiyo ya nini?"

"Ndiyo inayozikusanya, bosi."

Mistari tisa ikapita: imefutwa, imefutwa, imefutwa. Hati nyingine zote zilibaki mahali pake.

"Mbona chache?"

"Inaonyesha za mwanzo tu."

Bwana Mshangama akainama, pumzi yake shingoni mwa Mwatumu, akaisoma mistari mmoja mmoja. Kidole chake kikatua kwenye wa saba.

"Hiki si kiwanja cha mama yako?"

"Ndicho."

Nje, milango ya gari ilifungwa. Kidole cha bosi kilikuwa bado juu ya kioo cha kompyuta.