Maziwa ya Muhsina

Muhsina aliomba aletewe msahafu.

Ustadhi Abdulrahim alikuwa ameshasafisha koo. Baba wa bibi arusi alikuwa ameshaushika mkono wa bwana arusi, na wanaume waliojaa ukumbini kwake pale Mwabungo walinyamaza kungoja nikaha. Sauti ya mwanamke nyuma ya pazia ikawageuza wote. Tofiki, bwana arusi, ndiye aliyegeuka wa mwisho. Alikuwa ameijua sauti ya mama yake.

"Ndoa hii haifai," alisema Muhsina. "Bibi arusi nimemnyonyesha mimi. Hawa ni ndugu wa kunyonya."

Habari ya Tofiki na Yusra ilikuwa imewafurahisha watu kutoka Ukunda hadi Msambweni. Tofiki alipelekwa Uturuki na hoteli moja ya Diani kujifunza upishi. Yusra alikuwa akisoma huko huko. Siku moja ya matembezi, kwenye feri ya kwenda kisiwani, Yusra alimsikia kijana nyuma yake akiilaani baridi kwa Kidigo. Akageuka, na mapenzi yakaanzia hapo. Mashangazi waliwatania kwamba watu wamepanda ndege mbili kwenda kuposa jirani. Binamu zao wakasema hiyo ni riwaya ya mapenzi tupu, imebaki kuchapwa tu.

Muhsina hakucheka. Alipoonyeshwa picha ya msichana kwenye simu, aliitazama pua. Ilikuwa pua ya Salwa.

Salwa alikuwa shoga yake. Zamani, Muhsina akiwa mwali, ameshasingwa kwa manukato na hina imemkolea mikononi, mchumba wake Idris alitorokea Tanga na Salwa. Majirani waliila biriani kimya kimya wakaenda zao. Ile hina ilikataa kutoka. Kwa majuma, kila aliyekutana naye dukani alimtazama mikono kwanza, uso baadaye. Muhsina aliolewa na mwingine, akamzaa Tofiki, akafiwa na mume. Hakumsahau Salwa hata siku moja.

Kwa hiyo posa ilipopelekwa, aliikubali. Salwa alipokuja kumwomba radhi kwa ya zamani, alimkumbatia. Kuhusu mwanawe alishajipa jibu: atalia, atanyamaza, ataoa kwingine. Yeye mwenyewe alilia na hakufa.

Yusra alipoletwa Msambweni kumsalimu mkwe, Muhsina alimfukizia udi. Msichana alikohoa, akakimbilia uani ameziba mdomo. Tofiki akamfuata na kopo la maji, akamfuta uso kwa upindo wa kanga, mbele za watu, kama mume aliyezoea.

"Anaringa huyo," Muhsina aliwaambia wenziwe. "Kaona ya ng'ambo, moshi wetu unamtapisha."

Tofiki naye alitaka arusi ifanywe haraka, hata mwezi mmoja hakutaka kungoja. Haya, Muhsina alisema, harakisheni.

Sasa Ustadhi alimwuliza maswali ya sheria. Mtoto alikuwa na umri gani? Alinyonya mara ngapi? Alishiba? Muhsina alijibu yote bila kusita, maana alikuwa ameyajifunza. Na wazee waliitikia kwa vichwa wakikumbuka. Salwa alirudi Msambweni kwa mama mkwe kujifungua, akapasuliwa, akaugua sana, hata Bi Ummi, mama yake Idris, akawa anambeba mjukuu wake mji mzima, nyumba hadi nyumba, kwa kila mwanamke mwenye maziwa. Hakuna aliyejishughulisha kukumbuka ni kina nani. Bi Ummi mwenyewe alishazikwa.

Mlango wa Muhsina ulibishwa kweli. Tofiki alikuwa mchanga bado, na maziwa yalikuwa yakimlowesha mama yake kanga. Lakini alipoona mtoto aliyeletwa ni wa nani, Muhsina alitia komeo. Alisimama ndani akamsikiliza akilia, hadi Bi Ummi akachoka akaondoka.

Aliweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba alimnyonyesha.

Idris aliuachia mkono wa Tofiki kama aliyeshika kaa la moto. Ustadhi alisema kwamba baada ya neno kama hili yeye hafungi ndoa. Salwa alitoka chumbani mbio, akapiga magoti mbele ya Muhsina, kilemba kimemtoka.

"Kama ni ya Tanga, dada, nilipize mimi. Mwache mtoto."

"Nakulipiza nini, Salwa? Huyu mtoto sasa ni wangu pia." Muhsina alitazama kule chumbani, mikono ya bibi arusi iliyopambwa hina hadi kwenye viwiko. "Na usimsugue na sabuni. Haitoki. Mwambie angoje, kama nilivyongoja mimi."

Biriani ililiwa kimya kimya. Muhsina alikula yake yote, akaomba na nyama kidogo.

Wageni walipopungua, Tofiki alikuja uani alikokaa mama yake karibu na masufuria, akachuchumaa mbele yake. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imeshika masizi, naye hakujali. Hakuwa analia, na hilo lilimshangaza Muhsina.

"Mama, umeapa kweli?"

"Nimeapa."

"Hukukosea? Si mtoto mwingine?"

"Tofiki, mimi si mwanamke wa kuapa ovyo. Utapata mwingine, mwanangu. Wanawake ni wengi."

Tofiki aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Nikaha ya leo ilikuwa ya kuwaridhisha nyinyi wazee," alisema. "Sisi tulishaoana kule kule Uturuki, msikitini, na Yusra ana mimba. Basi wewe uliyeshika msahafu, niambie. Huyo atakayezaliwa nimwite mwanangu, au nimwite mpwa wangu?"