Dole Gumba la Mwenzi

Jumatatu ya tarehe tisa Machi, saa mbili asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Subilaga alikuwa amemeza kidonge cha wilaya, kile chenye wembe ndani, kinachotembea tumboni kikitafuta uvimbe mchanga na kuubandua. Kisheria hakikati mpaka mwenzi wa ndoa abonyeze dole gumba kwenye kisanduku chake.

"Uvimbe umeonekana, mdogo kama punje ya ulezi," kisanduku kilimwambia mumewe, Mwakalobo. "Unaruhusu ukatwe?"

Damu ilimchemka. Anayetaka kumkata mke wa mtu si aje mwenyewe, abishe hodi, akae, waongee? Wakubwa wa wilaya wamezidi dharau, wanamtumia bati!

"Kinasemaje, baba Ikupa?" Subilaga aliuliza kutoka jikoni. "Au kimenitongoza?"

"Hakuna kitu," alijibu, akakizima.

Miaka miwili baadaye uvimbe ulimuua Subilaga, wakamzika. Pale msibani Mwakalobo aliwalaani wakubwa kwa kuwaletea watu vyuma vibovu visivyoona ugonjwa, na waombolezaji wakaitikia. Hajaacha kulaani hadi leo, maana akinyamaza tu, anaisikia ile sauti ya jikoni.

Leo zamu ya kumeza ilikuwa yake. Kwa mgane, mtoto ndiye hubonyeza, kwa hiyo Ikupa alikaa karibu naye, kisanduku mapajani.

"Uvimbe umeonekana," kilisema. "Unaruhusu ukatwe?"

Ikupa alinyanyua kidole, kisha akakiacha hewani.

"Mbona kinaona vizuri, baba?" aliuliza taratibu. "Siku ile ya mama kilikuambia nini?"