Kiboko Agonga Muhuri Dimbwini

Mnanidai hadithi na maharage yangu yanaungua! Haya, kaeni, wala msinikatize.

Kiboko alikuwa mwenyekiti wa wanyama, mvivu hata kupiga miayo, kutwa kajilaza dimbwini. Siku moja Ngiri akaja kuomba kipande cha malisho ya wote, ajenge ghala.

Kobe, mpima ardhi, akasema, "Mwenyekiti, tukauzunguke mpaka kwanza."

"Nyuma yako, mzee Kobe? Tutarudi wajukuu wameota mvi!" Kiboko akacheka, akagonga muhuri humo humo dimbwini: Ngiri apewe ardhi hadi kwenye masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka.

Kiboko alipokwenda kula, Ngiri akayang'oa yale masale ya mpaka, akayapanda ng'ambo ya dimbwi. Kiboko aliporudi alikuta ua umelizunguka dimbwi, na wanyama wote wako nje na kiu yao.

"We Ngiri! Masale yalikuwa kule!"

"Shikamoo, mwenyekiti. Uliyaona lini?"

Ngozi ilipoanza kumkauka, Kiboko akamwendea Kobe, kichwa chini.

"Wazee walifukia mkaa chini ya kila shina la masale, maana mkaa hauozi," Kobe akasema. "Ngiri kahamisha majani, mkaa hakuujua. Tutafukua shimo moja moja, na mwenyekiti ashuhudie."

Mkaa ulionekana wote, na Ngiri akabomoa ua kwa meno yake mwenyewe. Lakini Kiboko alikuwa ameshaulipia uvivu wake: aliuzunguka mpaka mzima, jua la utosini, ngozi ikipasuka, nyuma ya Kobe, kwa mwendo wa Kobe.