Noti ya Kahawia

Gizani, kijiko cha Mwanahawa kilikwangua kopo la maziwa ya unga bila kupata kitu. Kulipopambazuka alimshika mkono bintiye, Siti, wakaenda dukani kwa Sefu na noti moja ya kahawia.

"Hizo sipokei, dada. Watu wanasema zinafutwa."

"Redio ilikanusha jana! Noti ni halali."

"Najua ni halali." Sefu aliirudisha kwa ncha ya kidole. "Lakini nikiipokea mimi, nani ataipokea kwangu?"

"Kwa hiyo mwanangu anywe redio?"

Wateja waliokuwa dukani walicheka. Sefu hakucheka.

Mwanahawa alirudi nyumbani, akainjika karai la maandazi anayouza mlangoni. Yalipoiva, jirani yao fundi baiskeli alikuwa mteja wa kwanza.

"Nifungie ishirini, mama Siti, leo nina vibarua." Akanyoosha noti ya kahawia.

Mkono wa Mwanahawa ulitoka kuipokea, ukasita hewani, kisha ukarudi taratibu kwenye kanga.

"Huna nyingine, kaka?"

Fundi alibaki ameishika noti yake. Siti akainyooshea kidole.

"Mama, hiyo ni kama yetu," alisema kwa sauti.