Mashavu ya Panya Buku

Kipupwe kilipoingia, maharage yalianza kupungua ghalani, na Panya Buku akawashuku watu wa nyumbani mwake. Kila jioni aliwasimamisha mkewe na watoto mlangoni akawapapasa mashavu, maana panya buku hubebea chakula mashavuni.

"Mama Tunu, achama nione."

"Mna ulimi tu, Baba Tunu. Na wewe je?"

"Mwenye nyumba hapekuliwi!"

Watoto wakawa wanalala na njaa. Mvua za kwanza ziliponyesha, maji yakapenya shimoni, na chini ya kitanda cha baba yakachipua maharage tele.

"Niliyaficha yasiibwe," alijitetea.

"Na nani?" mkewe akauliza.

Siku hizi jioni ikifika, Tunu husimama mlangoni.

"Baba, achama tuone."